Shosho Haiamini Tena Sauti ya Mama

Mama,

Maharagwe yameiva, bado kukaangwa. Ndirangu asiguse chapati kabla hajafua soksi zake. Hiyo ni amri ya serikali ya nyumba hii.

~~Nimeenda maktaba.~~ Nimeenda Njiru kwa Shosho. Nimechoka kudanganya.

Unakumbuka Shosho alivyochinja jogoo wake akapikia wageni thelathini, na hakuna aliyefika? Ulisema ni uzee. Ni mimi. Niliipa akili bandia sauti yako, ikamwambia: "Mami, Jumamosi naleta watu thelathini wa kanisa." Nilicheka mpaka machozi. Juzi nilimwungamia Shosho, akanisamehe mimi mjukuu wake, akaapa hatakuambia.

Leo asubuhi, ukiwa njiani kwenda Muthurwa, ulimrekodia ujumbe wa kweli: upasuaji wa jicho umeletwa mbele, ni leo saa nane. Unajua hasomi, sauti yako ndiyo barua yake. Akanipigia mimi, akanisikilizisha wote.

"Kui, mwambie huyo mama yako wa mashine aende akapasuliwe yeye."

"Shosho, haki ni Mama!"

"Hata wewe sasa ni mashine," akasema, akazima simu.

Nimekupigia mara tano, hushiki. Pengine sokoni kuna kelele.

Akikosa leo ataanza foleni upya, na jicho la pili limeanza kufifia. Nitampeleka mwenyewe. Nikifika nitaushika mkono wake niuweke usoni pangu, aniguse pua na masikio mpaka aridhike kwamba ni mtu.

Kifungua mimba wako,
Kui