Sufuria Moja kwa Krismasi

Vudee,
Same, Kilimanjaro.
30 Desemba 2025.

Mpendwa kaka Elirehema,

Shikamoo kaka. Hali yako, na wifi Victoria, na watoto? Nimesikia huko Norwe mwezi huu jua linazama saa tisa mchana, nikawahurumia. Vaeni vizuri, mle vizuri. Sisi huku tu wazima. Mvua za vuli zimetupenda mwaka huu, tangawizi imestawi na maharage yanatoa maua.

Nina jambo la kukueleza, na kwanza naomba radhi kwa kukuficha. Mama ndiye aliyetukataza kukuambia, hataki ulale na mawazo ugenini. Sasa ameniruhusu, tena amesema niandike yote.

Jumamosi ya kwanza ya Novemba alianguka shambani. Kizunguzungu tu, lakini nilipomfikia hakuwa ananiona sawasawa. Tulimshusha Same mjini siku hiyo hiyo. Alipopimwa, sukari ilikuwa ishirini na moja. Kaka, nilikaa kwenye benchi pale hospitali nikalia kama mtoto, kwa maana marehemu baba naye tulimpeleka akiwa amechelewa.

Walimlaza siku tano, wakampa dawa. Nesi mmoja anayeitwa Husna alikaa na sisi akatueleza taratibu: ugali na wali apunguze, mboga za majani ziwe nyingi, sukari kwenye chai aache, na kila siku atembee. Unamjua mama, chai yake ilikuwa vijiko vinne.

Nilirudi nyumbani nimeshika maagizo yale kama askari. Nikamnunulia sufuria yake ndogo, sahani yake, kikombe chake. Nikawa nampikia peke yake na kumpelekea chumbani, sisi tukila sebuleni. Sukari ilianza kushuka, lakini mama naye akawa anashuka. Akanyamaza. Kwaya akaacha. Chakula akawa anakirudisha nusu.

Wiki mbili kabla ya Krismasi nikamkuta ameketi kitandani, sahani hajaigusa. Akaniambia, "Namsifu, mimi nimewalea sita kwenye sufuria moja. Leo nakula peke yangu kama mtu anayeagwa."

Nilibeba ile sahani nikaipeleka mezani, nikamwita naye aje. Jioni hiyo wote tulikula chakula kama chake, na mume wangu Paschal hakuuliza kitu. Baada ya kula nikamwambia mama kwamba Krismasi tutapika hivyo hivyo, kwa wageni wote. "Basi jikoni utaniachia mimi," akasema. Huyo ndiye mama niliyekuwa nimemkosa mwezi mzima.

Siku ya Krismasi tulikuwa watu ishirini na wawili. Mama alisimamia makande toka mkesha, mahindi machache na maharage mengi, mafuta kidogo. Tukachemsha kuku wa kienyeji wawili. Mboga ya majani ya mchunga ilijaa sufuria kubwa, kulikuwa na magimbi ya kuonja na maparachichi ya pale nyuma ya nyumba. Cha kunywa kilikuwa maji, na chai ya tangawizi isiyo na sukari.

Saa sita mchana baba mdogo Hezroni akafika kutoka Kileo na kreti mbili za soda kwenye pikipiki. Alipoambiwa zibaki nje alishangaa. "Shemeji, Krismasi bila soda si itakuwa matanga?"

Mama akamjibu, "Matanga ndiyo nayakwepa, shemeji. Kaa ule."

Akakaa kwa kununa, halafu akaongeza makande mara mbili. Watoto walilalamika kidogo juu ya chai, mwisho wakashindana nani ataimaliza bila kukunja uso. Na mama alikaa katikati ya meza, sahani yake sawa na za wengine, akisimulia jinsi baba alivyomposa huku akitetemeka. Kaka, tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Tulipomaliza hakuna aliyeruhusiwa kulala. Mama alitutoa wote tukapanda mpaka kwenye kilele cha mlima, pale unapoiona tambarare yote ya chini hadi reli. Yeye mbele na kanga yake, anaimba. Baba mdogo alipumzika mara tatu njiani, anahema, anadai anatazama mandhari.

Mama hakupenda kule kuhema. Jana Jumatatu alipokwenda kliniki alimlazimisha waongozane. Yeye sukari yake ilisoma saba. Ya baba mdogo ilisoma kumi na nne, na hakuwa na habari kabisa. Akamshika mama mkono pale pale mbele ya watu. Nesi Husna amesema amewahi, akifuata dawa na chakula atakuwa sawa. Leo asubuhi mama ameshampigia simu Kileo kumuuliza amekula nini.

Nawe kaka, nenda ukapime. Hilo ni ombi langu na ni amri ya mama.

Wote wanakusalimu: Paschal, baba mdogo, dada Blandina wa Myamba na watoto wote. Mama anasema ukija mwezi wa sita usimletee vitu vitamu. Mletee raba za kutembelea, namba thelathini na nane, na uifanyie mazoezi miguu yako, maana amepania kukupeleka Myamba kwa miguu.

Mungu awafunike kwenye baridi hiyo na aulinde mwaka wenu mpya.

Mdogo wako akupendaye toka utotoni,
Namsifu