Kidoa cha Bibi wa Sinema

Maskati, Alhamisi, Februari 1968

Na mimi ndiye niliyemwita Haruni mwongo mbele ya kambi nzima ya vibarua.

Haruni, mpishi wetu Mbengali, alituonesha picha gazetini: yule bibi mcheza sinema wa kwao, bingwa wa kutoa machozi, sasa anaongoza sinema zake mwenyewe. Amekaa kitini, wanaume wazima wanamsikiliza. Nikasema si yeye. Yule tunayemtazama hapa kambini ana kidoa shavu la kushoto, huyu anacho la kuume. Haruni akakunja gazeti, na tangu siku ile nnapewa mchuzi mtupu. Kwa mtu anayebeba mawe kutwa, si jambo dogo.

Leo baada ya magharibi walionesha sinema yake ya zamani. Upepo ukalegeza shuka linaloonyeshewa sinema, msimamizi akanituma upande wa mbele, wanakokaa wakubwa, nikashike kamba. Miaka miwili sisi vibarua tunatazama kutoka nyuma ya shuka. Nikainua macho. Kidoa kipo kuume.

Nikaenda jikoni. "Haruni ndugu yangu, nimekosa. Tulikuwa tukimtazama kinyume."

Akaendelea kusugua sufuria. "Yeye ametoka kwenye machozi mpaka kuamrisha wanaume. Wewe kuzunguka shuka tu kumekushinda?"

"Nyuma ndiko tulikoambiwa tukae, bwana."

Akaweka sufuria chini, akanipakulia kichwa cha samaki, ambacho kwao hupewa mgeni wa heshima.

Nimekila chote. Sasa nna wasiwasi na yule shujaa wao wa upanga, niliyemsifu miaka miwili kwa kupigana kwa mkono wa kushoto.