Bishopu Amekula Miti

Jumatatu, 8 Aprili
Nimekamua ng'ombe, nimekunywa chai, nimetukana jogoo. Kama kawaida. Halafu mkutano kwa chifu. Chelangat, yule msichana wa kikundi cha miti, ametuambia tena chemchemi inakauka kwa sababu tulimaliza msitu. Watu wachache, nusu wamelala. Nikasimama kuwaamsha. Nikasema zamani hiyo chemchemi ilibeba fahali yangu kutoka hapa Elburgon, ikamtema Nakuru akiwa ameoga. Wakacheka sana. Nikaona raha, nikaongeza: tupande miti hapo, na mbuzi yoyote ikiguza, kijiji inakunywa supu yake. Makofi! Sheria imepita. Nimefanywa mlinzi. Nani mwingine angeweza?

Jumatano, 10 Aprili
Tumepanda. Miti ya kienyeji, podo mingi. Jirani yangu Rono amekuja kupigwa picha tu, jembe begani kama bunduki, akaenda. Nimezungusha miiba. Hata chui hapiti, na chui mimi nawajua.

Mama Wambui, mke wangu, anasema nifunge Bishopu vizuri. Bishopu ni beberu yangu. Ndevu mpaka kifua, anatembea kama anaenda kubariki watu. Hakuna kama yeye mpaka Molo. Nampenda kushinda ndugu zangu wengine. Nimeambia mama kamba yangu haijawahi kufunguka.

Ijumaa, 12 Aprili
Kamba imefunguka.

Rono amempata Bishopu ndani ya miti asubuhi. Ametafuna laini mzima ya miti. Rono akamleta kwangu akiimba kama watu wa harusi. "Mzee wa sheria! Supu unataka na pilipili ama bila?" Nikasema hiyo si mbuzi yangu. Bishopu akaja akalala kwa miguu yangu. Mjinga.

Nimekasirikia Rono. Na kamba. Na hii mdomo yangu.

Jumamosi, 13 Aprili
Nimefikiria kusema Bishopu ni mgonjwa. Nimefikiria kumpeleka Molo kwa dada yangu. Halafu Chelangat akapita, yeye huniita guka, yaani babu. "Guka, si lazima. Tutapanda ingine."

Hapo ndio imeniuma. Yangu ikisamehewa, kesho ya Rono inaingia, keshokutwa ng'ombe, na maji kwisha. Watu watasema hata hiyo sheria ilikuwa hadithi ya mzee. Sawa, zangu zote ni hadithi. Hii moja nilitaka iwe ya kweli.

Mama Wambui amesema tu, "Si ni wewe ulisema?" Nimempea Bishopu mahindi, ile ya mbegu. Amekula yote. Hana aibu.

Jumapili, 14 Aprili
Tumechinja baada ya kanisa. Sikuangalia. Moshi iliniingia macho, na mtu asiniulize zaidi.

Kijiji yote imekuja! Watu hawajawahi kanyaga mkutano ya miti wamekuja na bakuli. Nikasimama mbele ya sufuria na mwiko. Nikawaambia, hakuna kuguza supu kama hujapanda mti yako hapo kwa chemchemi, na hiyo mti ni yako mpaka uzeeke. "Na mimi mwenye nimeshazeeka?" Shosho mmoja ameniuliza. Nikamwambia apande haraka. Rono ndio alianza, akachafua viatu ya kanisa. Nimefurahi mpaka mbavu zikauma.

Halafu Chelangat akaongea watu wakiwa wamekaa na bakuli. Hakuna mtu alilala. Wakauliza maswali! Ati kwa nini podo, ati blugamu, ile mikaratusi, inakunywa maji namna gani. Rono ameuliza nyingi kushinda wote.

Nimekunywa supu kidogo. Tamu. Beberu yangu hata kwa sufuria inashinda za watu.

Jumatatu, 29 Aprili
Mvua usiku. Nimeenda chemchemi mapema, peke yangu. Podo ya Rono imetoa majani mpya, ndogo kama meno ya mtoto. Zingine bado. Maji inatoka polepole tu. Sijui kama mimi nitaiona ikirudi na nguvu. Nimekaa hapo kwa jiwe mpaka suruali ikalowa.

Nimerudi nyumbani. Mama Wambui ameniuliza leo nimeona nini. Nikamwambia, podo imetoa majani. Akangoja niongeze chumvi. Sikuongeza kitu.