Gari la Baba Si Pambo la Kabati

Kwako mdogo wangu Mutuma,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Madhumuni yake ni kukutaka, bayana, ulirudishe nyumbani Kiirua gari dogo la mashindano la marehemu baba, ambalo ulilichukua siku moja baada ya mazishi bila kuniuliza.

Unakumbuka lilivyofika kwetu. Mzungu aliyeuza shamba la ngano alimwachia baba, fundi wa matrekta yake: gari jekundu, refu kama mkono kutoka kiwikoni hadi vidoleni, lenye injini ya kweli ya petroli. Jumapili baada ya ibada, baba alisimama katikati ya uwanja wa kuanikia mahindi, ameshika waya uliofungwa ubavuni mwa gari. Mimi nililisukuma kwa fimbo mpaka injini ikawaka, nalo likamzunguka likinguruma hadi kuku wakapanda paa.

“Makanga, Nanyuki ni ngapi?” watu wa soko walimtania, kana kwamba anapakia abiria wa matatu.

“Panda mbele, mama, nafasi iko!” baba alimjibu mmoja wao.

“Hiyo kitu itakata mtu mguu!” mama yetu alilalamika, lakini hakuondoka. Na wewe, mheshimiwa, ulikuwa wapi? Nyuma ya ghala, umeziba masikio.

Mwezi uliopita nililikuta sebuleni kwako Nairobi, ndani ya kabati la vioo, kati ya vikombe vya harusi. Umeliziba bomba la moshi kwa gundi, ati lisiwanukie wageni petroli. Injini ambayo baba aliipangusa kwa shati lake la kanisani! Nilipohoji, ulinijibu mbele ya mkeo: “Mwanangu Kirimi ana jina la baba. Gari limerudi kwa mwenyewe.”

Siku ile nilimaliza chai yako nikaondoka. Nakujibu sasa. Mila hiyo, kwamba mtoto aliyepewa jina la babu ndiye babu aliyerudi, naiheshimu kuliko wewe. Ni mimi niliyekukumbusha mwanao aitwe jina la babu yake, ulipokuwa ukimtafutia jina la gazetini. Lakini baba hakuwahi kulitazama gari hilo kupitia kioo. Kama Kirimi ndiye baba, basi mahali pake ni katikati ya uwanja, waya mkononi. Fimbo ningali nayo.

Gundi nitaitoa mwenyewe. Uwanja umekwisha kufagiwa.

Kwa hiyo naomba uamuzi wako, bila maelezo marefu: Desemba utamleta mtoto pamoja na gari, au hutamleta?

Ni mimi,
kaka uliyemfuata kuzaliwa.