Maandishi ya Chini ya Birika

Dada Kadzo,

Kijiko kilipatikana. Naanzia hapo kwa sababu ndicho kilichokuponza. Kilikuwa kwenye mkunjo wa kochi kule nyumbani kwa madam, Al-Malqa, pale alipokaa mgeni wake siku kilipopotea. Ulikuwa umeshazikwa. Madam alikitazama, akasema "halas", yameisha, akaenda kuoga. Kwenu, alikopiga simu kusema umeiba, hakupiga tena. Na simu yangu anakaa nayo yeye, kwa hiyo mama yako mpaka leo anajua alizaa mwizi.

Unakumbuka ulivyoapa kwamba hukukiiba? Wewe, mwimbaji wa kwaya, ukaapa wallahi ili akuelewe vizuri. Akakufungia stoo na homa yako. Nilikuwa nakupitishia kitambaa chenye maji chini ya mlango, ukawa unakivuta. Halafu siku moja hukukivuta.

Ni wewe uliyenifundisha kusafisha vile vyombo vya fedha vya Kihindi, na kile kijiko kikiwamo. Kitambaa laini, mkono mwepesi, na nisiguse maandishi yaliyochongwa chini ya birika. Ukanisomea Kiingereza chake: wanajeshi wa Uingereza walivichukua vitani, katika jumba la mfalme wa Kihindi. Ukacheka. "Tunasugua mali ya wizi, mdogo wangu." Na madam alivyopenda kuwageuzia wageni birika wayaone! Yale maandishi ndiyo yaliyokuwa na bei.

Basi niliyasugua. Kwa waya wa sufuria, kila Alhamisi, taratibu. Tangu ufe hakualika wageni, kwa hiyo hakuligeuza. Aliona tu linang'aa, akanisifu. Mkono uliniuma na nilifurahi, sikudanganyi.

Leo amevileta Jeddah kuviuza, nami ndiye niliyebeba sanduku hadi kwenye duka la vitu vya kale, mtaa wa Al-Baghdadiyah. Mzee mwenye duka akageuza birika, akawasha tochi. Mafi. Hakuna kitu. Akamuuliza madam amevitoa wapi. Madam akaapa. Wallahi, ni vya kweli, wallahi, ni vya vitani! Mzee akamtazama vile yeye alivyokutazama wewe, akafunga sanduku. Dada, nilisimama pale mlangoni, macho chini, nikamsikiliza akiapa mpaka sauti ikamkauka.

Hajajua ni mimi. Akijua, na ajue.

Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Bungoma kwetu watangoja. Nitakwenda kwanza Kilifi, kanisani kwenu, nisimame mbele ya mama yako na kwaya yote niseme kwamba hukuiba.

Lala, dada yangu. Kumsamehe madam usiniombe.

Mdogo wako,
Nekesa