Mpapai wa Mama Mwakio

Voi,
Jumapili, baada ya kanisa

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi kutoka huku kwenye joto. Magoti yako yanaendeleaje? Nekesa aliniambia siku hizi unatembea mpaka sokoni bila fimbo, nikafurahi, halafu nikabaki nikijiuliza kama ananiambia ukweli au ananituliza. Na kifua je? Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa?

Sisi tuko, Mungu anatulinda. Joy ameota meno ya mbele na anakula vizuri. Baba yake bado yuko kwa reli, zamu juu ya zamu, akirudi nyumbani analala na viatu. Mimi nimechoka, Mama. Sikuambii hivyo ili ulie. Nakuambia kwa sababu kwa simu hunisikii vizuri, naishia kupiga kelele "Tuko sawa! Tuko sawa!" mpaka majirani wanatoka nje kuangalia kuna nini. Kwa barua naweza kusema polepole, na Nekesa akusomee polepole.

Krismasi hatutakuja. Baba Joy amenyimwa likizo tena. Naomba usikasirike.

Sasa nikueleze mambo ya mipapai yangu, maana Nekesa anasema umekuwa ukiuliza.

Unakumbuka Joy alipougua taifodi, akakataa kila kitu, hata uji? Kitu pekee kilichopita kooni mwake kilikuwa papai. Nilikuwa nakwenda sokoni asubuhi kutafuta lililoiva, mara nyingi narudi na lililopondeka. Alipopona nikasema nitapanda yangu. Mwenye nyumba akakubali. Baba Joy akacheka. "Kwani papai nayo ni ya kupanda?" Hata mimi nilidhani hivyo, kwa sababu kwetu Kimilili mipapai inajiotea nyuma ya jiko. Ndege ndio wanaopanda, na sijawahi kuona mtu akiumwagilia mpapai hata kikombe cha maji.

Huku si hivyo. Udongo ni mwekundu na mgumu, jua linaanza kuchoma kabla hujamaliza chai. Maji ya kisima yana chumvi, na ya mfereji yanakuja yakipenda. Mbegu za kwanza nilizifukia tu ardhini, zikaota, zikaungua. Za pili nikazipanda kwa pakiti za maziwa nilizotoboa chini, nikaziweka kwa kivuli cha ukuta. Miche ilipofika urefu wa shubiri nikaihamisha pamoja na udongo wake, bila kugusa mizizi, nikaiweka kwa mashimo yenye samadi kavu ya mbuzi. Nikainua udongo shinani ili maji yasituame, maana mpapai unapenda maji lakini yakisimama pale shina linaoza. Nikatandaza nyasi kavu juu. Maji ya kusuuza nguo yote yakaenda huko. Jioni mgongo ulikuwa ukiuma kama nimelima shamba lote la baba peke yangu.

Lakini ilikua, Mama. Ilinipita kichwa, ikashika matunda. Nilikuwa natoa kigoda nakaa katikati yake bila kufanya lolote. Kwa nyumba hii ya kupanga, kwa mji huu ambao hakuna anayejua mimi ni binti wa nani, hiyo mipapai ndiyo kitu cha kwanza nilichokiona ni changu.

Halafu majani ya juu yakaanza kugeuka manjano, yakawa na madoadoa, yakakunjamana na kuwa membamba kama vidole vya mgonjwa. Matunda yakatokea na alama za mviringo, kama mtu ameyagandamiza na kifuniko cha soda. Nikadhani ni chumvi. Nikaongeza samadi, nikanyunyiza majivu na pilipili. Wapi.

Nikaenda kwa ofisi ya kilimo. Afisa akaja na pikipiki, dada mmoja mpole anayeitwa Zawadi. Aligeuza jani akaangalia chini yake, kisha akainua macho akaangalia juu ya ua, upande wa jirani.

"Ule pale ni wa nani?"

"Wa Mama Mwakio."

"Ule ndio ulianza. Huu ugonjwa hauna dawa, dada. Kuna wadudu wadogo sana wananyonya majani, wakitoka kwa mti mgonjwa wanahamia kwa mzima. Hii yako miwili imeshapata, ing'oe leo uichome. Lakini ule ukiendelea kusimama pale, yote itakwisha. Hata ukipanda mingine, itakwisha pia."

"Sasa nifanye nini?"

"Ongea na jirani yako."

Alisema hivyo akipanda pikipiki, kama vile ni kitu cha kuongea ukipita njia. Hakujua Mama Mwakio ni nani.

Huyu ni mama wa Kidawida, Mtaita wa huku, mjane, aliyeteremka kutoka milimani alipoolewa na hakurudi tena. Alikuwa na kijana mmoja tu, huyo Mwakio, mwendesha bodaboda. Lori lilimgonga pale barabara kuu kabla sisi hatujahamia hapa. Mpapai ule mlangoni aliupanda yeye. Asubuhi mama yake anafagia chini ya mti kwanza, ndiyo aingie kufagia nyumba. Siku nyingine nikianika nguo nilimsikia akiuambia habari za usiku.

Nilipomweleza Baba Joy, akaniambia, "Si huwa anaenda Wundanyi kwa dada yake? Ngoja aende, panga iko."

"Na akirudi?"

"Utasema ni upepo."

"Upepo unakata na panga? Na wewe utakuwa kazini. Mimi ndiye nitamwangalia usoni kila asubuhi."

Akageukia ukuta, akalala.

Kwa hivyo nikaenda mwenyewe. Nilibeba sukari kidogo, nikapiga hodi, tukasalimiana vizuri. Nikaongea kwa kuzunguka mpaka maneno yakaniishia, halafu nikasema. Nilimwambia mti ni mgonjwa, na afisa amesema uondolewe.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisimama, akanirudishia sukari yangu mkononi.

"Nyinyi watu wa bara mnakuja hapa jana tu, leo mnataka kunikatia mtoto. Nenda nyumbani kwako, Nafula."

Nikaenda. Kuanzia siku hiyo akiniona anaingia ndani. Kwa kanisa akahamia kiti cha upande ule mwingine. Mimi nikang'oa ile miwili, nikaichoma, na baada ya hapo nikaendelea kung'oa, mmoja baada ya mwingine, kila ulipogeuka manjano. Nilikuwa nakagua majani kila alfajiri jinsi ulivyokuwa ukitukagua sisi vichwa enzi za chawa. Mwishoni ukabaki mmoja, ule wa karibu na bafu, uliojificha nyuma ya ukuta. Nikaacha kukaa nje na kigoda. Nilikuwa nimechoka kukasirika, na nilikuwa nimekasirika, Mama, siwezi kukuficha. Nilimkasirikia mama aliyefiwa.

Siku moja asubuhi sikusikia ufagio. Nikajiambia hainihusu. Nikateka maji, nikamvalisha Joy, nikampeleka shule, nikarudi. Bado kimya. Nikaruka ua.

Nilimkuta sakafuni kando ya kitanda, anatetemeka, macho mekundu, hanitambui. Malaria. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani, tukapata bodaboda, nikamshika katikati yangu na dereva mpaka hospitali. Alipotoka hakuwa na mtu wa kumwangalia isipokuwa mimi, kwa sababu dada yake wa Wundanyi mwenyewe ni mgonjwa wa miguu. Basi nikawa nateka maji ya nyumba mbili, napika nyumba mbili, nafua nyumba mbili. Baba Joy alikuwa akiniangalia tu, halafu siku moja nikakuta amejaza mapipa yote kabla ya kwenda kazini, ya kwetu na ya Mama Mwakio.

Alipoanza kupata nguvu, aliomba papai. La mti wake.

Nikamwangulia moja. Lilikuwa dogo, lina zile alama zote. Nikalikata, nikampa kwa sahani. Alikula kipande, akanisukumia sahani.

"Kula."

Nikala. Mama, lilikuwa kama kutafuna sponji iliyolowa.

"Unaonaje?" akaniuliza.

"Ni zuri."

"Usinidanganye. Halina utamu. Tangu mvua ya mwaka jana halina utamu. Mimi nakula tu." Akapangusa mdomo na kanga. "Yako imebaki mingapi?"

"Mmoja."

"Na hukurudi kuniambia."

"Ulinifukuza, mama."

"Nilikufukuza, ndiyo."

Tukakaa. Treni ikapita mbali ikipiga honi, nikawa nafikiria nguo nilizoacha kwa karai. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo, "Na mbegu? Mbegu nazo zina ugonjwa?"

Sikujua. Nikampigia Zawadi pale pale, nikaweka simu kwa sauti ili asikie mwenyewe. Zawadi akasema ugonjwa ule haupiti kwa mbegu. Ukipanda mbegu, mche unaanza mzima, mradi mti mgonjwa usiwe karibu.

Mama Mwakio aliichukua ile sahani, akatoa mbegu zote kwa vidole. Alizisugua kwa kitambaa mpaka ule utelezi ukatoka, akazisuuza, akazianika ndani kwenye gazeti, mbali na jua. Alifanya bila haraka, nami sikumsaidia. Alipomaliza akasema, "Leta panga. Lakini usinipe mimi."

Aliingia ndani akafunga mlango. Nilikuwa nimejikaza kama mtu anayekwenda kukata mti wa kweli, lakini mpapai una maji tu ndani. Panga lilipita, nikayumba, karibu nianguke nao. Ule utomvu mweupe ukanirukia mikononi, ukaniwasha siku nzima.

"Umekwisha?" akauliza kutoka ndani.

"Umekwisha, mama."

"Uchomee mbali, nisisikie moshi."

Nikauburuta mpaka kule karibu na reli nikauchoma na majani yake yote, na vimche vilivyojiotea chini yake. Nilikuwa nimewaza siku ile kwa muda mrefu sana, Mama. Ilipofika sikusikia chochote ila kutaka kulala.

Tulingoja mvua fupi zipite, ndipo tukapanda mbegu za Mwakio kwa pakiti. Mama Mwakio alisema zikae kwangu, kwake hawezi kubeba maji. Miche ilipokuwa tayari tukaihamishia pale mipapai yangu ilipokuwa. Miche mitatu ilishika, mingine ikafa kwa jua, na mmoja katika hiyo mitatu ukaliwa na mbuzi wa watu. Majani ya iliyobaki ni ya kijani, mapana, hayana doa. Ule wangu wa bafuni nao uko salama, na Joy amekula mapapai yake mpaka ananiambia, "Leo hapana, mama."

Jioni Mama Mwakio anakuja na kigoda chake. Tunakaa. Hatuongei sana. Hajaniomba msamaha na mimi sijamwomba, na sioni kama tutafika huko.

Wiki iliyopita ule mrefu kati ya hiyo miwili ya Mwakio ulitoa maua. Nilitoka kuangalia nikakuta vishada virefu vinaning'inia, vimejaa vijiua vidogo vidogo. Siku hizi najua maana yake. Ni dume, haliwezi kuzaa. Watu wanayakata madume, wanaacha moja tu kama wana mipapai mingi, na kwa shida hii ya maji huwezi kunywesha mti usiokupa kitu. Nikachukua panga, lakini sikuweza kukata bila kumwambia. Nikamwita.

"Mama, huyu ni dume. Hatazaa hata papai moja."

Alikuja polepole, akashika kile kishada, akakinusa. Akaniangalia, akaangalia mti tena. Halafu akaanza kucheka. Tangu tuhamie hapa sijawahi kumsikia akicheka, sikujua hata ana mapengo. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ni yeye huyu! Kunukia tu na kujipamba, kazi hakuna! Nilikuwa namfulia shati, anavaa, anazunguka mji mzima, anarudi mikono mitupu." Akajipangusa machozi. "Mwache, Nafula. Mwache asimame."

Nikarudisha panga ndani. Ndiyo hivyo, Mama, kila jioni nateka ndoo moja zaidi kwa ajili ya mti ambao hautanipa chochote, na mgongo bado unauma.

Barua hii anakuletea Shem, mtoto wa shangazi Rael, anayerudi huko kwa harusi. Mpe chai, safari ni ndefu. Nisalimie dada Nekesa anayekusomea, asiruke mahali penye huzuni. Nisalimie kaka Wafula, mwambie apunguze maneno kwa mkewe. Nisalimie shangazi Rael, na babu mdogo, na akina mama wote wa kanisa wanaoniuliza. Joy anasema anakubusu mashavuni, yote mawili. Mama Mwakio naye, nilipomwambia nakuandikia, amesema nikupe pole ya kuwa na mtoto mbali.

Ulale salama, Mama. Jifunike kifua.

Ni mimi binti yako,
Nafula