Siku Majina Yote Yalipokuwa Mekundu

Mpendwa Mama Mdogo,

Huku Ufukoni sote wazima, na yule kuku wako kishingo siku hizi analala juu ya begi langu la shule. Najua ungependa kuisikia sauti yangu, lakini mtandao wa Kitaya unashika ukipenda wenyewe, nami kwenye simu nageuka mtu wa "ndiyo" na "haya" tu. Kwenye karatasi najiweza kidogo. Mwalimu wa Kiswahili ameomba nakala aibandike kwenye gazeti la ukutani la shule, nami nimekubali, maana jambo lenyewe si letu peke yetu. Usinikasirikie.

Mama ameniambia umekwenda huko Kitaya kwa Bibi kuvuna mpunga, kumbe umekwenda kujificha. Kiwanda cha korosho kinataka usisimamie tena zamu yako tu, bali uwe msimamizi mkuu wa zamu zote, jibu linatakiwa Jumatatu, nawe unataka kukataa. Eti umemwambia Mama, "Siku hizi akili mnemba inajua nani kamenya kiasi gani, nani kachelewa, nani apumzike saa ngapi. Mimi nikasimamie nini, ukuta?"

Nilicheka. Kisha nikaikumbuka likizo ile niliyokaa kwako Likombe.

Unakumbuka? Nilikuwa nakuletea ugali wa muhogo na kisamvu kiwandani, halafu nabaki kwenye benchi la mlangoni nikisoma kitabu. Ukutani kulikuwa na ile skrini mpya. Jina la anayekwenda vizuri lilikuwa kijani, la anayezorota likawa jekundu. Siku hiyo jina la Bi Somoe, ambaye kwa kumenya korosho haachwi nyuma na mtu, lilikuwa jekundu tangu asubuhi. Elia, yule kijana wa kompyuta, alikuonyesha: mashine inashauri ahamishiwe kazi nyepesi.

Wewe hukuitazama hata skrini. Ulivuta kigoda, ukakaa karibu naye, ukachukua korosho ukaanza kumenya.

"Wewe Myao," ulisema, "hizo korosho unazimenya au unazitafutia mchumba?"

Meza nzima iliangua kicheko. Bi Somoe akakujibu bila kuinua kichwa, "Afadhali mimi. Nyie Wamakonde mkiuona mti mnauchonga hata kama kuna mtu juu yake!"

Mlicheka mpaka akapangusa machozi, na machozi yakakataa kukoma. Hapo ndipo alipokunong'oneza kwamba binti yake yuko hospitali, uchungu umemshika tangu usiku, na simu yake imefungiwa kabatini kama za wenzake wote.

Uliinuka, ukaifuata simu, ukaitandikia kitambaa safi mezani mbele yake. Ukaendelea kumenya.

Ilipolia, Bi Somoe alisikiliza kidogo tu kisha akapaza sauti, "Wa kike!" Vigelegele vile! Kina mama walicheza kati ya meza, wewe ukiwa mbele, kofia yako ya kazi imeteleza hadi sikioni. Nilitazama ukutani: majina yote yalikuwa mekundu, la kwanza mpaka la mwisho. Meneja akatoka ofisini mbio akidhani mashine imeharibika.

"Haijaharibika, bosi," ulimwambia ukihema. "Inasema kweli. Tumesimama. Mtoto kazaliwa."

Akabaki ameushika mlango. Halafu naye akapiga makofi.

Lakini mimi naikumbuka zaidi kesho yake. Elia, mgeni wa watu kutoka mbali, alikuwa ameona jinsi utani ulivyomfungua Bi Somoe. Akamwendea, akamwambia maneno yaleyale ya mchumba. Hakuna aliyecheka. Bi Somoe akamtazama na kumuuliza, "Kijana, wewe ni mtani wangu?" Maskini Elia hakujua mikono aiweke wapi. Mimi nilijifunika uso kwa kitabu, maana aibu ya namna ile naijua vizuri.

Ulimvuta hadi karibu na benchi langu. "Mwanangu," ulimwambia taratibu, "maneno yale yana wenyewe. Watu wake na watu wangu tumezikana, ndiyo maana tunatukanana. Wewe anza na shikamoo. Muulize mjukuu kaamkaje. Halafu nyamaza umsikilize."

Akaenda. Shikamoo yake ilitoka kama ya mtoto aliyesukumwa mgongoni. Lakini Bi Somoe aliipokea, akamsimulia habari za mjukuu mpaka mimi nikamaliza sura nzima ya kitabu.

Wiki hii tulikuwa na mdahalo shuleni: je, akili mnemba itachukua nafasi ya viongozi kazini? Nilisimama, Mama Mdogo. Mimi! Nikasimulia habari ya Bi Somoe. Nikasema skrini haikudanganya, alikuwa anamenya polepole kweli. Ila ilibidi mtu akae kwenye kigoda ndipo ijulikane kwa nini. Nikasema pia kwamba mambo hayo mtu hujifunza, kwani Elia alijifunza mbele ya macho yangu. Upande wetu ukashinda, ingawa nadhani ni kwa sababu ya ule mti wa Wamakonde.

Basi nikapata ujasiri. Jana nilikwenda kiwandani peke yangu. Nikatoa shikamoo, nikauliza mjukuu kaamkaje, nikanyamaza. Kumbe inawezekana! Elia amesema, "Mwambie skrini ikiharibika nitaitengeneza mimi. Watu bado ananifundisha yeye." Naye Bi Somoe kasema ukikataa atakuja Kitaya mwenyewe akuchonge, akuwekee masikio makubwa kama ungo.

Kwa hiyo nakuomba, kubali. Sikuombi kwa sababu ya cheo. Wale watu wanahitaji mtu atakayeuliza.

Msalimie Bibi, mke mwenzangu. Mwambie kisamvu changu asikipe jirani.

Na jambo moja nilitaka kulisahau. Yule mtoto sasa anakaa mwenyewe. Jana aliletwa getini kumpokea bibi yake, na kina mama wote wakamwamkia. Wanamwita Bosi, kwa kuwa ni yeye tu aliyewahi kusimamisha kiwanda kizima. Bi Somoe anasema Bosi ametafuta msaidizi kila mahali, na Jumatatu anakusubiri wewe.

Ni mimi mwanao,
yule wa benchi la mlangoni